Maktaba ya C ya dataloga inaua Python yangu kila baada ya dakika 20. Nakosea wapi?

#1 ZabibuHombolo

Wakuu, salaam.

Nina ekari mbili za zabibu Hombolo na msimu huu nimeamua kuacha kumwagilia kwa kubahatisha. Nimefukia sensa nne za unyevu wa udongo, mbili kina cha sentimita 30 na mbili sentimita 60. Zote zinaingia kwenye dataloga (kifaa cha kukusanya vipimo) moja ya bei nafuu, na dataloga inaongea na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 kwa USB. Mtengenezaji katoa faili la .so (maktaba iliyokwisha kukompailiwa) na heda yake (orodha ya fankisheni zilizomo), basi. Msimbo wenyewe hatoi. Mimi C naisoma kwa kupapasa, kazi zangu zote ni Python, kwa hiyo nimeivisha maktaba yake ganda kwa ctypes, zana ya Python ya kuita maktaba za C.

Inavyokwenda: nafungua kifaa, naipa maktaba kolbaki, yaani fankisheni yangu `pokea`, iliyovishwa `CB` ya ctypes, ambayo maktaba yenyewe itaiita data ikifika. Ikiitwa, ndani yake nasoma vipimo vyote vinne kwa mkupuo. Hii hutokea kila sekunde 10.

`h = lib.dl_open(b"/dev/ttyUSB0")`
`lib.dl_on_data(h, CB(pokea))`

Shida ni mbili. Kwanza, sensa ya 1 inasoma vizuri, lakini ya 2 hadi ya 4 ni takataka: mara sifuri tupu, mara namba yenye tarakimu thelathini. Pili, dakika kama 20 zikipita Python inakata roho. Inaandika "Segmentation fault" (programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) na hakuna kingine. Nimeweka try ya kunasa makosa kila mahali, haishiki kitu.

Punje ndiyo zinajaa sasa hivi, nazihitaji hizi namba wiki hii. Python ni 3.11, mfumo wa biti 64.

#2 FundiNkuhungu

Kabla ya kugusa msimbo, umeme wa huko shambani unatoka wapi? Kama ni sola na unapitisha kwenye chaja ya simu ya gari, Pi 4 haitoshelezwi. Andika `vcgencmd get_throttled` utuletee jibu.

#3 Bi_Heda

Mkuu, tazama mstari wako wa pili. `CB(pokea)` umeizaa humo humo ndani ya mabano na hakuna jina linaloishika. Mstari ukiisha, Python inaona kitu hiki hakina mwenyewe, inakifuta. Maktaba ya C haina habari, bado inayo anwani ile ile. Ni kama kumpa mtu namba ya nyumba halafu ukaibomoa.

Andika `cb = CB(pokea)` halafu `lib.dl_on_data(h, cb)`, na hiyo `cb` iishi muda wote kifaa kinapofanya kazi. Iweke kwenye klasi yako, au hata nje kabisa juu ya faili.

#4 kijana_wa_Ngongona

Dada Bi_Heda, kama imeshafutwa mbona inaishi dakika 20? Si ingekufa kwenye kipimo cha kwanza?

#5 Bi_Heda

Kufuta si kupaka rangi nyeupe, mdogo wangu. Kumbukumbu inarudishwa kwenye akiba tu, yaliyomo yanabaki mpaka atokee mwingine wa kuandika juu yake. Mpangaji kahama, vyombo viko ndani, taa inawaka. Siku mpangaji mpya akiingia ndiyo utajua. Kwa mmoja ni sekunde mbili, kwa mwingine ni saa nzima.

#6 Mzee wa C

Vijana, mmekimbilia mbali. Mwenye uzi hajatuonyesha kama ameweka `restype`. Usipoiambia ctypes fankisheni inarudisha nini, yenyewe inachukulia ni int (namba nzima) ya biti 32. Kwenye mfumo wa biti 64 pointa (anwani ya kumbukumbu) ina baiti 8, kwa hiyo nusu nzima inakatwa na kutupwa. Unabaki na anwani ya mahali ambapo hapapo.

Weka `restype` na `argtypes` (aina za vitu unavyoipa) kwa KILA fankisheni. Kila moja. Sichoki kulisema hili.

#7 kijana_wa_Ngongona

Shikamoo mzee. Mimi nina ganda langu la mizani ya kupimia mazao, lina mwaka sasa, sijaweka `restype` hata moja na halijawahi kufa.

#8 Mzee wa C

Marahaba. Pi yako ina mfumo wa biti ngapi?

#9 kijana_wa_Ngongona

32.

#10 Mzee wa C

Basi hapo int na pointa zote ni baiti 4, hakuna cha kukatwa. Siku ukiboresha mfumo utarudi hapa na uzi wako mwenyewe. Rekebisha leo.

#11 ZabibuHombolo

Asanteni kwa moyo. Najibu kwa pamoja.

FundiNkuhungu: sola, betri ya volti 12, na chaja ndiyo ya gari kama ulivyosema. Jibu la amri ni `0x50000`.

Mzee wa C: heda inasema `int dl_open(const char *)`, kwa hiyo namba ya kifaa ni int kweli, si pointa.

Strakti (furushi la data) ya kipimo kwenye heda ni hii, kwa mpangilio huu huu (saa, unyevu, namba ya sensa):

`uint32_t ts; float vwc; uint8_t ch;`

Kwangu nimeiandika hivyo hivyo na kuongeza `_pack_ = 1` (data ikae bila nafasi tupu), kwa sababu mfano nilioufuata ulikuwa nayo. Ndani ya kolbaki natengeneza safu ya strakti nne na kuipa `dl_read_all` iijaze.

#12 FundiNkuhungu

`0x50000` maana yake volti ilishashuka chini ya kiwango na Pi ilishapunguzwa kasi, angalau mara moja tangu uiwashe. Kiwango chenyewe ni kama volti 4.63. Mimi nimemaliza. Tafuta kibadilishi cha maana cha 12 kwenda 5, cha amp 3 au zaidi, na kebo fupi nene.

#13 Bi_Heda

Hapana fundi, hujamaliza. Umeme mdogo haufanyi sensa ya 1 iwe sahihi na ya 2 iwe takataka kila siku kwa mpangilio ule ule. Hiyo ni strakti.

Hesabuni nami. `ts` baiti 4, `vwc` baiti 4, `ch` baiti 1. Jumla 9. Lakini kompaila ya C isipoambiwa vinginevyo inaongeza baiti 3 tupu mwishoni ili strakti inayofuata ianze kwenye kizidisho cha 4. Kwa hiyo upande wa C kila kipimo kina baiti 12. Wewe kwa `_pack_ = 1` umesema 9. Kipimo cha kwanza kinaanza sifuri kwa wote wawili, ndiyo maana kiko sawa. Cha pili C inakiandika kuanzia baiti ya 12, wewe unakisoma kuanzia ya 9. Unasoma nafasi tupu na kipande cha saa ukidhani ni kipimo.

Toa `_pack_`, chapisha `ctypes.sizeof` uone 12, shida ya kwanza imeisha. Na nadhani ya pili pia: safu yako ina baiti 36, maktaba inaandika 48. Baiti 12 zinamwagika nje ya bufa (nafasi uliyoitenga) kila sekunde 10. Hapo lazima kitu kife.

#14 Mzee wa C

Hiyo ya strakti umeipiga katikati, binti yangu. Nakubali.

#15 mlinzi_wa_baiti

Naunga mkono nusu ya #13, nusu nyingine naikataa. Python 3.11 kwenye biti 64 haigawi kumbukumbu ndogo baiti kwa baiti, inagawa kwa vipande vya 16. Ukiomba 36 unapewa chumba cha 48. Maktaba ikiandika 48 inajaza chumba hadi ukutani, haimwagiki kwa jirani. Kwa sensa nne umenusurika kwa bahati. Zingekuwa tano: unaomba 45, chumba ni 48, inaandika 60, hapo unambomolea jirani.

Kwa hiyo takataka imeelezwa. Kifo bado.

#16 Bi_Heda

Hesabu yako ni sahihi, nimeirudia mara mbili. Naiondoa sehemu hiyo. Narudi kwenye kolbaki iliyofutwa, #3.

#17 alizeti_singida

Naomba niongeze kisa changu kwa sababu kinafanana. Mimi nilikuwa nafunika libmodbus, maktaba ya C ya mawasiliano ya Modbus, ili nisome mita za pampu. `modbus_new_rtu` inapokea jina la kifaa, nikampa "/dev/ttyUSB0" bila ile b mbele. Haikulalamika hata kidogo, ilikataa tu kuunganisha. Nimehangaika siku mbili nikibadilisha kebo.

Kumbe usipoweka `argtypes`, ctypes inapeleka maandishi ya Python 3 kama herufi pana, na kwenye Linux kila herufi ni baiti 4. Mkwaju (/) wa kwanza ni baiti moja yenye kitu na tatu za sifuri. C inapokuta sifuri inajua neno limeisha. Kwa hiyo nilikuwa naiambia maktaba ifungue "/" tupu. Ningemsikiliza Mzee wa C na `argtypes` zake ingenipigia kelele siku ile ile.

Mwenye uzi yeye kaweka b, yuko salama hapo.

#18 Mzee wa C

Umenikumbusha. ZabibuHombolo, je, kwenye heda kuna fankisheni yoyote inayorudisha maneno? Ya kueleza kosa, kwa mfano?

#19 ZabibuHombolo

Ipo mzee. `const char *dl_last_error(int)`. Naitumia hivi, kipimo kikishindikana:

`print(ctypes.string_at(lib.dl_last_error(h)))`

`restype` sijaweka.

#20 Mzee wa C

Ndiyo hiyo! Mambo yanapokwenda sawa huigusi kabisa. Siku kosa likitokea unaomba maelezo, unapewa pointa iliyokatwa nusu, unaifuata, unatumbukia. Programu inafia kwenye mdomo wa kusema inaumwa nini. Andika `lib.dl_last_error.restype = ctypes.c_char_p` na uondoe `string_at`.

#21 FundiNkuhungu

Na kosa linatokea kwa nini kila dakika 20? Kwa sababu volti inashuka na dataloga inapoteza mawasiliano. Mzee, wewe umeeleza inavyokufa, mimi nimeeleza kinachoiua.

#22 kijana_wa_Ngongona

Hapa nimejifunza kuliko muhula mzima. Swali la pembeni: kwa nini ctypes? Chuoni tuliambiwa tutumie SWIG.

#23 mlinzi_wa_baiti

SWIG ni kongwe, ya David Beazley, ilitoka 1996. Nguvu yake ni kwamba heda moja inakuzalia maganda ya Python, Lua, Ruby, Perl na nyingine nyingi. Kama unafunika kwa lugha moja tu, ni jembe kubwa mno kwa bustani ndogo. ctypes imo ndani ya Python tangu 2.5 ya mwaka 2006, huhitaji kompaila, ndiyo maana watu wanaianza. Kasoro yake ndiyo mnayoiona humu: haisomi heda. Unachoiambia inakiamini.

Mimi ningetumia cffi, zana nyingine ya Python ya kuita C, katika hali ya kukompaili. Unanakili sehemu ya heda, kompaila ya C yenyewe inathibitisha ukubwa wa strakti. Kosa la `_pack_` lisingefika shambani. Na kama heda ina klasi za C++, basi pybind11.

#24 alizeti_singida

Mkuu wa zabibu, na hizo sensa za sentimita 60 zinakuambia nini? Nauliza kwa sababu huku watu wanaangalia juu tu.

#25 ZabibuHombolo

Nitakujibu nikishaziamini. Ila hata sensa ya 1 peke yake imenifungua macho. Juu kwenye 30 panakauka kwa siku mbili na jua hili la Dodoma, nami nilikuwa nakimbilia kufungulia maji ya matone. Na punje zikishaanza kubadilika rangi, maji yakizidi utamu unashuka na nyingine zinapasuka. Kwa hiyo kama chini bado pana maji, kila pipa ninalomwaga naharibu kwa mkono wangu.

Nimebadilisha vyote: `cb` ina jina, `_pack_` nimetoa, `restype` na `argtypes` kila mahali. Sensa zote nne zinasoma! Namba zina akili. Nimeiwasha saa 11 jioni, nalala.

#26 Mzee wa C

Umebadilisha vitu vitatu kwa mpigo. Ikipona hatutajua dawa ilikuwa ipi.

#27 ZabibuHombolo

Wakuu, imelala salama, imeamka salama. Saa 7 mchana imekufa.

Safari hii niliiwasha kwa `-X faulthandler`, inayoonyesha Python ilikuwa wapi ilipokufa. Imeandika "Fatal Python error: Segmentation fault", kisha thredi (mkondo wa kazi) ya sasa, na chini yake `<no Python frame>`. Thredi kuu inaonekana ilikuwa imelala kwenye `time.sleep`.

Kutoka dakika 20 hadi saa 20. Nashukuru, lakini bado haijakaa sawa.

#28 mlinzi_wa_baiti

`<no Python frame>` ni habari kubwa. Aliyekufa hakuwa ndani ya msimbo wako wowote. Ni thredi ya maktaba yenyewe. Thredi kuu inafanya nini zaidi ya kulala?

#29 ZabibuHombolo

Kila dakika inaamka na kuita `dl_battery(h)` nione chaji ya dataloga. Basi.

#30 mlinzi_wa_baiti

Hapo pana mwanya. Ukiita fankisheni kupitia `CDLL` (njia ya kawaida ya ctypes ya kupakia maktaba), Python inaachia ile kufuli yake kuu, inayoruhusu thredi moja tu ya Python kwa wakati, mpaka C irudi. Kwa hiyo wakati thredi yako inaandika kwenye USB kuuliza betri, thredi ya maktaba inaweza kuwa inasoma vipimo kwenye USB ile ile. Kama mtengenezaji hakuweka kufuli ndani, wawili hao wanakanyagana. Weka `threading.Lock` moja, kila mwito wa maktaba upite hapo.

#31 Bi_Heda

Kufuli hiyo haitamlinda. Thredi ya maktaba inaposoma kabla ya kuita kolbaki haipiti kwenye kufuli ya Python, haiijui. Dawa ni `dl_battery` iitwe ndani ya kolbaki, ili wote wawe thredi moja.

Na swali jingine: ndani ya `pokea` unaandika wapi data?

#32 ZabibuHombolo

SQLite (hifadhidata ndogo), kwenye kadi ya SD. Na commit (kuthibitisha maandishi yakae kwenye kadi) kila mara nisipoteze kitu. Ila umenishtua, nimerudi kwenye heda. Juu ya `dl_on_data` kuna maelezo mafupi: kolbaki irudi ndani ya milisekunde 50.

#33 Bi_Heda

Commit kwenye kadi ya SD inaweza kupita hapo mara nyingi tu, hasa kadi ikianza kuchoka. Kolbaki iweke kipimo kwenye foleni ya `queue.Queue` na irudi, thredi nyingine iandike kwenye kadi kwa nafasi yake.

#34 FundiNkuhungu

Saa 7 mchana, Hombolo, Pi iko wapi?

#35 ZabibuHombolo

Kwenye boksi la bati, juu ya nguzo.

#36 FundiNkuhungu

Bati! Kaka, weka mkono juu ya hilo boksi mchana uone kama utahesabu tano. Pi inaanza kujipunguza kasi ikifika kama nyuzi 80. Dataloga yenyewe haina hata cha kujipunguza. Ishushe kivulini, toboa matundu ya hewa pande mbili, kisha tuzungumze habari za thredi.

#37 kijana_wa_Ngongona

Mimi ningeacha kabisa kuishi nyumba moja na hiyo maktaba. Nimeandika programu ndogo ya C, mistari 40 hivi: inafungua kifaa, inachapisha kila kipimo kama mstari mmoja. Python inaianzisha kama programu ya pembeni kwa `subprocess` na kusoma mistari. C ikifa, Python inabaki hai na kuianzisha upya. Nimekutumia kwa ujumbe wa pembeni.

#38 Mzee wa C

Kijana, hiyo ni akili. Lakini inaficha ugonjwa, haiutibu. Tukimpa hiyo hatutaujua kamwe.

#39 kijana_wa_Ngongona

Mzee, zabibu hazisubiri.

#40 ZabibuHombolo

Natoa taarifa baada ya siku nne.

Nimetumia programu ya kijana, Pi nimeishusha chini ya mzabibu wenyewe kwenye kivuli, chaja bado ile ile mpaka nifike mjini. Programu ya C imekufa mara mbili, zote mchana. Mara ya kwanza Python imeiinua baada ya sekunde chache. Mara ya pili haikuinuka, kwa sababu kifaa kilikuwa kimegeuka `/dev/ttyUSB1`. Nimehamia kwenye jina lililoko chini ya `/dev/serial/by-id/`, halibadiliki.

alizeti_singida, jibu lako: sentimita 60 karibu haijashuka kabisa kwa siku hizo nne, wakati 30 imepanda na kushuka kama ngazi. Nimefunga maji safu nzima ya kusini tangu juzi. Majani hayajanyauka hata moja.

#41 mlinzi_wa_baiti

Imekufa hata bila Python kuwepo. Basi Python yako haina hatia, kosa limo ndani ya maktaba.

#42 FundiNkuhungu

Kifaa kimegeuka kutoka USB0 kuwa USB1. Hakigeuki hivyo mpaka kimekatika na kurudi. Volti.

#43 Bi_Heda

Kukatika kwa kifaa hakupaswi kuua programu, kunapaswa kurudisha kosa. Kwa hiyo nyote wawili mnaweza kuwa sahihi. Na bado hatujajua ile ya kwanza ya dakika 20 ilikuwa kolbaki au `dl_last_error`. Ukipata nafasi, rudisha moja tu kati ya hizo uone.

#44 ZabibuHombolo

Nitairudisha nikishavuna, dada, siyo sasa. Kesho naenda mjini, Majengo, kutafuta kibadilishi cha amp 3 na kebo.

#45 Mzee wa C

Ukirudi, kabla hujakifunga, tuletee `dmesg` (kumbukumbu za mfumo) ya saa iliyokufa. Yote, usikate.